Faili mbili za mtoto mmoja: uchambuzi wa kisa cha malezi ya muda Nakuru

Mtoto wa kisa hiki ni wa kiume. Alizaliwa katika hospitali ya umma jijini Nakuru akiwa na uzito wa kilo 2.2. Mama yake, mwanamke wa miaka 24, alikuwa ametumia heroini kwa miaka kadhaa kabla ya mimba, na katika miezi ya mwisho ya mimba hiyo alikuwa akinywa chang'aa karibu kila siku. Kabla mtoto hajatimiza wiki tatu alikabidhiwa mlezi wa muda, mjane wa mtaa wa Bondeni, kwa mpango uliosimamiwa na afisa wa watoto. Kisa kimeunganishwa kutokana na hali za familia zaidi ya moja na hakuna jina linalotajwa, lakini hatua zake, na hasa mikwamo yake, ni zile anazokutana nazo yeyote anayefuatilia mashauri ya aina hii katika Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya.

Nimekichagua kwa sababu tatizo lake kubwa halikutokana na ubaya wa mtu yeyote. Matibabu ya mama yaliandikwa kwenye faili moja, malezi ya mtoto yakaandikwa kwenye nyingine, na faili hizo mbili hazikuwahi kusomwa pamoja mpaka mambo yalipokaribia kuharibika. Kila ofisi ilitimiza wajibu wake kwa tarehe zake yenyewe, na mama na mtoto wakawa wanavutwa huku na huku na tarehe hizo.

Mama kabla ya kujifungua

Mama huyu alilelewa Bondeni na bibi yake, akaenda Mombasa kutafuta kazi ya ususi, na huko akaingia kwenye unga, yaani heroini, kupitia mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Baada ya miaka michache alijiandikisha katika kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini. Matibabu hayo yalianza nchini mwaka wa 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha yakafika Pwani, na utaratibu wake ni mgumu kwa mtu asiye na makazi ya kudumu: mgonjwa hufika kliniki kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na jina lake hutiwa alama kwenye daftari. Alishikilia utaratibu huo kwa zaidi ya mwaka mmoja, na alikuwa bado ndani yake aliposhika mimba.

Kisha bibi akafariki. Alipanda basi kuja Nakuru kuzika, akidhani angekaa siku mbili au tatu na kurudi, kwa hiyo hakuomba barua ya uhamisho. Hitima ikapita, nauli ikaisha, na mwanamume wa Mombasa akaacha kupokea simu. Kwa mtu aliyezoea methadoni, siku chache bila dozi huleta arosto: jasho, maumivu ya mifupa, tumbo kuharisha, usiku usio na usingizi. Alianza kuizima arosto kwa chang'aa, ambayo haikuwa mbali wala ghali, na baadaye akapata mtu wa kumuuzia kete za kuvuta, yaani vipakiti vidogo vya heroini.

Mtu akisoma faili ya mtoto kutoka ukurasa wa kwanza, atakutana na maneno “mama ana historia ya kuacha matibabu”. Maneno hayo ni kweli kwa juu juu. Ukweli kamili ni kwamba alikatika kwenye matibabu kwa sababu ya mazishi, nauli na barua moja iliyokosekana, na kwamba kabla ya hapo alikuwa ameyamudu. Tofauti ya maelezo hayo mawili si ya maneno tu, kwa maana mtu aliyewahi kuyamudu matibabu kwa mwaka mzima hupangiwa mpango tofauti na yule ambaye hajawahi kufaulu hata wiki moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2014 kuhusu wajawazito wanaotumia vileo na dawa za kulevya, linapendekeza mama aliyetegemea heroini aendelee na dawa kama methadoni wakati wa mimba badala ya kuachishwa ghafla. Hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia hivyo. Alikwenda kliniki ya wajawazito mara moja tu, akaulizwa kuhusu pombe na sigara, akajibu nusu, na habari za unga akazificha kwa kuogopa polisi.

Siku za hospitali

Mtoto alionekana mzima saa za mwanzo. Siku ya pili alianza kulia kwa sauti nyembamba isiyonyamaza hata akibebwa, mikono ikatetemeka, akawa anapiga chafya mfululizo na kunyonya ngumi zake kwa pupa, ilhali akipewa maziwa hawezi kuyameza kwa mpangilio. Haja ikawa maji maji mpaka ngozi ya makalio ikachubuka. Wahudumu walifikiria kwanza maambukizi na sukari ya chini, na walifanya sawa, kwa sababu hayo mawili huua haraka na dalili zake hufanana na hizi.

Aliyelitambua tatizo ni muuguzi wa zamu ya usiku. Alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda cha mama kiasi kwamba wa kitanda cha pili asisikie, akamwambia, “Mwanangu, niambie kila kitu ulichotumia. Siulizi kwa ajili ya polisi, nauliza kwa ajili ya huyu.” Mama akasema yote, hata bei ya kete. Kuanzia hapo mtoto alitibiwa kwa ugonjwa aliokuwa nao, yaani arosto ya mtoto mchanga, ambayo kwa heroini kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku tatu za kwanza na kwa methadoni huweza kuchelewa zaidi.

Kwa miaka mingi hali hii imepimwa duniani kwa orodha ya alama iliyotungwa na Loretta Finnegan wa Marekani mwaka wa 1975, ambapo kila dalili hupewa pointi na jumla ikizidi kiwango fulani mtoto huanzishiwa dawa. Siku hizi kuna njia nyingine, inayouliza mambo matatu tu: je, mtoto anakula vya kutosha, analala kwa muda wa maana, na anabembelezeka? Jibu likiwa la, kinachoongezwa kwanza si dawa bali ni kubebwa, giza, ukimya, na maziwa ya mara kwa mara. Jaribio lililofanywa katika hospitali 26 za Marekani na kutangazwa mwaka wa 2023 lilionyesha kuwa watoto waliotunzwa kwa njia hiyo walikuwa tayari kuruhusiwa kwa wastani wa siku 8.2, wakati wale wa utaratibu wa kawaida walifika siku 14.9. Habari hii inatuhusu sana sisi ambao wodi zetu za watoto wachanga zimejaa, kwa sababu dawa kuu ya njia hiyo ni kifua cha mama, na kifua hicho hakiagizwi kutoka ng'ambo.

Hapo ndipo nina neno na wodi ile. Mama alikuwepo, alikuwa tayari kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi, lakini yeye mwenyewe alikuwa kwenye arosto kali na hakuna aliyemtibu, kwa kuwa mgonjwa aliyeandikwa alikuwa mtoto. Siku ya tatu alitoka wodini asubuhi, akatafuta kete, akarudi jioni. Kwenye faili pameandikwa: “Mama ametoroka wodini.” Saa aliyorudi haikuandikwa. Kuanzia jioni ile baadhi ya wahudumu walimzuia kumgusa mtoto, kwa hoja kwamba ananuka pombe, na mtoto akalala peke yake kwenye kitanda cha chuma chini ya taa ya mwanga mkali, mahali pasipofaa kabisa kwa mtoto wa hali yake. Sisemi kwamba mama aliyelewa aachiwe mtoto mchanga. Nasema kwamba mama aliyepewa dawa ya kutuliza arosto yake asingekuwa na sababu ya kutoka, na kwamba mtu mwingine angeweza kukaa kando yake huku amembeba. Mtoto aliishia kupewa dawa kwa siku kadhaa, akapunguziwa polepole, akaruhusiwa akiwa salama.

Nani amchukue

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wake na kinaagiza maslahi yake yawe mbele kuliko jambo lolote. Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 vinaelekeza njia ile ile: kwanza wazazi, wasipoweza jamaa, kisha familia nyingine, na makao ya watoto yabaki kuwa kimbilio la mwisho. Afisa alianza na jamaa. Shangazi wa mama, anayeishi mtaa wa Rhonda, alisikiliza, akauliza kama ana hiari, na alipoambiwa anayo akajibu kwamba nyumba yake haitaki mambo ya unga. Ni jibu gumu kulisikia, lakini afadhali jibu hilo la wazi kuliko kumpokea mtoto kwa aibu na kumrudisha baada ya mwezi.

Kabla mlezi hajapatikana yalijitokeza mapendekezo mawili. La kwanza lilitoka kwa mtu aliyekuja hospitalini akisema anawajua mume na mke wa Naivasha wasio na mtoto, watu wa uwezo, ambao wangemchukua “kimya kimya” na kumsaidia mama kwa kitu kidogo. Hilo halihitaji uchambuzi mrefu. Sheria hairuhusu mtoto apangiwe kuasiliwa kabla ya kutimiza wiki sita, na huruhusu tu kupitia chama kilichosajiliwa na amri ya Mahakama Kuu; makubaliano ya pembeni yenye fedha ndani yake yanaweza kumpeleka mtu jela chini ya sheria ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Mama mwenye arosto, siku ya nne baada ya kujifungua, hayuko katika hali ya kukubali wala kukataa jambo lolote la kudumu.

Pendekezo la pili lilikuwa la heshima zaidi na kwa hiyo lilihitaji fikira zaidi. Wazee wa msikiti, wakijua kwamba marehemu bibi alikuwa muumini wao, walishauri mtoto achukuliwe kwa kafala, yaani malezi ya Kiislamu yasiyo ya kuasili, na sheria ya 2022 inaitambua kafala. Faida yake ni kwamba nasaba ya mtoto haibadiliki: hubaki na jina la ukoo wake, na mlezi hupata thawabu bila kujifanya mzazi. Hata hivyo kafala kwa kawaida ni dhamana ya muda mrefu kwa mtoto aliyekosa wazazi, na huyu alikuwa na mama aliye hai, aliyekuwa akimtaka. Afisa aliwaomba wazee waliweke wazo hilo kando mpaka ijulikane mama amefika wapi, nao wakakubali. Nadhani waliitikia kwa haraka kwa sababu walihusishwa mapema, kabla uamuzi haujafanywa.

Mlezi aliyepatikana ni mjane wa miaka 54, aliyekuwa jirani wa bibi, muuza mahamri na mbaazi asubuhi. Mama wa mtoto alikulia miguuni pake na humwita Mama. Alikaguliwa nyumbani, akapimwa afya, akaleta cheti cha polisi cha mwenendo mwema na barua ya chifu, na Mahakama ya Watoto ikatoa amri ya muda. Swali moja la mlezi halikuwa kwenye fomu yoyote. Binti yake alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi minne na alijitolea amnyonyeshe na huyu. Kwa watu wa Bondeni hilo si jambo dogo: kwa madhehebu ya Shafii, mtoto akinyonyeshwa mara tano kamili kabla ya miaka miwili huwa ndugu wa kunyonya, na ndoa baina yake na watoto wa aliyemnyonyesha huwa haramu maisha yote. Upande wa afya nao ulitaka binti apimwe virusi vya Ukimwi na homa ya ini kwanza. Familia ikajadili, ikaamua kwamba mtoto asifungwe undugu ambao mama yake hakuulizwa. Wakatumia maziwa ya kopo, kwa kikombe kidogo badala ya chupa, kama walivyoelekezwa hospitalini.

Nyumba ya Bondeni

Wiki za kwanza mlezi aliacha kuuza mahamri, kwa sababu unga hukandwa usiku na usiku ulikuwa wa mtoto. Alizibandika karatasi za kahawia kwenye dirisha linalotazama taa ya barabarani, akazima redio, akawakataza wajukuu kuingia kwa kelele. Akigundua kwamba kumtikisa upande upande kunamzidishia kilio, alimfunga kwa leso mikono ikiwa kifuani, akamshika wima na kumshusha na kumpandisha taratibu mpaka mwili ulegee. Maziwa alimpa kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili, akipumzika kila anapopiga chafya. Alifundishwa amlaze chali kwenye godoro lake mwenyewe lisilo na mito, asilale naye kitanda kimoja akiwa amechoka, kwa sababu watoto waliopitia dawa tumboni wako katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla usingizini. Kwa kutokuwa na kitanda cha mtoto, alitandika godoro dogo ndani ya beseni pana la kufulia, likawa kando ya kitanda chake.

Jambo lingine alilolifanya vizuri, bila kuelekezwa na mtu, ni kuhusu karatasi. Alihakikisha cheti cha kuzaliwa kimeombwa ndani ya miezi sita ya kwanza, kwa jina la mama mzazi, na kijitabu cha kliniki nacho kikabaki na jina hilo. Alipokwenda kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na muuguzi akamwita “Mama Fulani” kwa jina la mtoto, alikuwa akisahihisha: “Mimi ni mlezi, mama yake yuko kwa matibabu.” Majirani waliona anajianika. Kwa maoni yangu alikuwa akimlinda mtoto, kwani mlezi anayezoea kuitwa mama na kunyamaza, mwisho wake hujikuta akigombania alichopewa kutunza.

Matibabu ya mama, na siku aliyoandikwa hayupo

Kliniki ya methadoni iliyokubali kumpokea mama ilikuwa Nairobi, kilomita 160 hivi kutoka Nakuru. Njia nyingine ilikuwa kituo cha kurekebisha tabia cha kulala ndani kwa miezi mitatu, bila methadoni, karibu na mtoto. Waliomshauri aende kituoni walikuwa na nia njema, lakini hatari ya njia hiyo hutajwa kwa nadra: mwili ukikaa bila heroini kwa miezi kadhaa hupoteza uvumilivu wake, na mtu akiteleza na kurudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyo hiyo. Alichagua Nairobi, akakaa kwa binamu yake, na nadhani alichagua vyema, ingawa gharama ilikuwa ya kweli. Mama aliyetulia kwenye methadoni huhimizwa kunyonyesha, kwa kuwa dawa inayopita kwenye maziwa ni kidogo. Huyu alipotulia, maziwa yalikuwa yamekauka.

Mpango wa afisa uliandika ziara kila Jumamosi. Dozi haina Jumamosi. Mama alilazimika kuwahi kliniki asubuhi, kunywa, kukimbilia matatu, kufika Bondeni adhuhuri, kukaa saa tatu au nne, na kurudi usiku ule ule ili asikose dozi ya Jumapili. Alifanya hivyo kwa wiki nyingi. Nauli ilipokosekana alipiga simu, na mlezi akamwekea simu mtoto sikioni.

Katika mwezi wa nne shauri lilitajwa mahakamani kwa mapitio, saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Mama hakuweza kuwa kliniki Nairobi na mahakamani Nakuru saa hiyo hiyo, na hakujua anaweza kuomba saa ibadilishwe. Alimtumia afisa ujumbe, lakini afisa alikuwa likizo na aliyemshikia nafasi hakuuona. Kumbukumbu ya siku ile inasema mama hakufika na hakutoa sababu. Mapitio yaliyofuata yakaangukia tena asubuhi, naye akaandikwa tena hayupo. Ukiweka kumbukumbu hizo mbili chini ya ile ya “mama ametoroka wodini”, unapata faili ya mwanamke aliyemtelekeza mtoto wake, na kuna mtu aliyeanza kuzungumzia uwezekano wa kumtangaza mtoto kuwa huru kuasiliwa. Wakati huo huo, kwenye daftari la kliniki, asubuhi zile zile mbili, jina la mama lina alama ya kunywa dozi. Faili moja ilikuwa inathibitisha juhudi zake kwa tarehe zile zile ambazo nyingine ilizitumia kumshtaki.

Aliyeziunganisha ni mlezi. Alimwambia afisa aliporudi, “Huyu msichana huja kwangu kila wiki, nyinyi mnasemaje hayupo?” Afisa akapiga simu kliniki, akaomba barua ya mahudhurio kwa idhini ya mama, na mahakama ikahamisha mapitio hadi saa nane mchana. Hatua hizo zilihitaji simu mbili na barua ya ukurasa mmoja, na zingeweza kuchukuliwa wiki ya kwanza.

Kuteleza, na masharti ya kurudishiwa mtoto

Mwezi wa sita mama alifika Jumamosi moja amelewa. Hakuwa na fujo, ila miguu haikumtii. Mlezi alimkaribisha, akampa chai, akamketisha kwenye mkeka; mtoto akabaki mgongoni mwa mlezi, na mama akamwimbia kutoka pale alipokuwa. Hakuruhusiwa kumbeba. Alilala hapo, asubuhi akakosa dozi, na Jumatatu mlezi akamwarifu afisa kwa simu, mbele ya mama mwenyewe. Wapo walioona alipaswa kumfungia mlango na wapo walioona alipaswa kunyamaza. Mimi naona alichofanya ndicho sahihi kwa pande zote: mtoto hakuwekwa hatarini, mama hakufukuzwa, na ofisi haikufichwa. Mama anayejua kwamba akiteleza atafungiwa mlango hujifunza kutokuja, na kutokuja ndiko kunakomvunja kabisa.

Mwezi wa saba shangazi wa Rhonda alirudi akimtaka mtoto, ambaye sasa alikuwa amenawiri. Alikuwa na haki ya kusikilizwa kama jamaa, na alisikilizwa. Kilichoamua ni kwamba mtoto wa umri huo tayari anamjua mtu wake na humlilia akiondoka, na kumhamishia nyumba ya tatu, ilhali mama yuko njiani, kungekuwa kumkata mara mbili.

Suala lililobaki ndilo zito zaidi. Ripoti ya ustawi wa jamii ilipendekeza mama arudishiwe mtoto “atakapoachana na dawa zote, ikiwemo methadoni”. Sentensi hiyo, iliyoandikwa kwa nia ya kumlinda mtoto, ingemweka hatarini. Methadoni ni matibabu ambayo huenda yakachukua miaka, na anayeyatumia kwa kipimo kilichotulia hulea, hufanya kazi na hufikiri kama mtu mwingine yeyote. Kumtaka ayaache ili apewe mtoto ni kama kumwambia mgonjwa wa shinikizo la damu kwamba atarudishwa kazini siku atakapotupa vidonge. Anayeachishwa kwa haraka hurudi kwenye unga, na safari hii angekuwa na mtoto chumbani. Barua ya pili ya kliniki ilieleza hayo, na masharti yakaandikwa upya kwa vitendo vinavyoonekana: mahudhurio ya kliniki yasiyokatika kwa kipindi kilichokubaliwa, kutokunywa pombe siku za ziara na kuhudhuria ushauri kuhusu pombe, chumba kinachokaguliwa na afisa wa Nairobi, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina ambaye mama ataweza kumwachia mtoto usiku wowote akihisi ameshindwa. Sharti hili la mwisho ndilo ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu. Mipango mingi huandikwa kana kwamba kuteleza hakutatokea, kisha kukitokea kila mtu hushangaa na mtoto hurudishwa mwanzo.

Utekelezaji ulianza mtoto akiwa na miezi kumi. Mlezi alisafiri naye Nairobi akakaa kwa binamu siku kadhaa, mama akawa ndiye anayemwogesha na kumlisha huku mlezi yupo. Kisha mama akaja Bondeni kwa mwishoni mwa wiki nzima, baada ya kliniki kukubali kumpa dozi ya kwenda nayo. Mlezi hakuficha uchungu wake. Alimwambia afisa, “Nitaumwa, lakini nilijua tangu siku ya kwanza.” Afisa alimpangia mazungumzo na mshauri, jambo ambalo walezi wa muda hulihitaji sana na hupewa kwa nadra, na mpango umeandika kwamba ataendelea kuwa bibi wa mtoto, mwenye ziara zake.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna ofisi iliyolishika. Arosto ya heroini ilikwisha, lakini chang'aa iliyonywewa katika mimba inaweza kuacha alama zisizoonekana mapema: mtoto anayechelewa kuongea, asiyetulia, anayesahau leo alichofundishwa jana. Mara nyingi madhara hayo ya pombe hutambuliwa mtoto anapoanza shule, na hutambuliwa kwa urahisi zaidi ikiwa mtu anajua pa kutazama. Kwa hiyo habari kwamba mama alikunywa, kiasi gani na katika miezi ipi, ni sehemu ya matibabu ya mtoto huyu na inapaswa kumfuata, ikiandikwa bila lawama, hadi kliniki ya Nairobi na baadaye hadi kwa daktari atakayempima akiwa na miaka miwili. Kwa sasa imeandikwa mahali pamoja tu, kwenye faili ya wodi aliyozaliwa. Mama ametia sahihi ya kuiruhusu itolewe, na afisa ameomba nakala.